Shanga za alginati zinamwaga metronidazoli yote ndani ya saa moja: kosa ni la jeli au la kipimo?

#1 Kapsuli

Wakuu salaam. Naleta hoja, wenye maabara mnisahihishe.

Haidrojeli (jeli iliyojaa maji) ya alginati, polima ya mwani, na kalsiamu haina uwezo wa kushika dawa ndogo kama metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, na tungeacha kuipendekeza kwa kazi ya kuachia dawa polepole. Fomula inayozunguka vyuoni ni ile ile: sodiamu alginati 2% (gramu 2 kwa mililita 100), metronidazoli 1%, unadondosha kwa sindano namba 21 kwenye kalsiamu kloridi ya mola 0.1, unaacha dakika 30, unaosha, unakausha kwenye oveni ya nyuzi 40. Shanga zinatoka nzuri, duara kabisa. Ukiziweka kwenye bafa (kioevu kinachotunza pH) ya fosfati pH 7.4, nyuzi 37, asilimia 70 hadi 80 ya dawa iko nje kabla saa moja haijaisha.

Kazi hizi karibu zote zinataja kidonda chenye harufu, ambacho dresingi yake inakaa saa 24 au zaidi. Dawa iliyokwisha saa ya kwanza haimsaidii mgonjwa usiku.

Maelezo yangu ni mafupi. Metronidazoli ina uzito wa molekuli 171, upana wake haufiki nanomita 1. Matundu ya wavu wa alginati yanatajwa kuwa nanomita 5 hadi 200. Hakuna kinachoizuia kupita. Nani anapinga?

#2 Mwl_Polima

Napinga nusu. Matundu ni kweli, lakini umeweka shanga za kalsiamu ndani ya fosfati, halafu unailaumu alginati.

Jeli hii inashikwa na kalsiamu iliyokaa katikati ya vipande vya G vya mnyororo (alginati ina sukari za aina mbili, G na M). Fosfati inaipenda kalsiamu kuliko alginati inavyoipenda. Inaing'oa, inatengeneza kalsiamu fosfati, na nafasi inachukuliwa na sodiamu ambayo haifungi chochote. Shanga inavimba, inalegea, inayeyuka. Sitrati na EDTA ni hivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi. Kipimo chako kimepima mwendo wa jeli kufa. Mwendo wa dawa kupita ndani ya jeli nzima hujauona.

Rudia kwa bafa ya Tris pH 7.4 iliyotiwa kalsiamu milimola 1 hadi 2, kiasi kinachofanana na damu, na sodiamu kloridi milimola 140. Ndipo tuzungumze.

#3 Bika250

Kabla ya fosfati, someni lebo ya chupa ya kalsiamu kloridi. Mola 0.1 kwa mililita 100 ni gramu 1.11 kama ni kavu kabisa, gramu 1.47 kama ina maji mawili, na gramu 2.19 kama ina maji sita. Stoo nyingi zina ile ya maji mawili, na watu wanapima 1.11 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kazi ya mwenzao. Hapo una mola 0.075, si 0.1. Ile kavu nayo inanyonya unyevu wa hewani. Chupa ikishafunguliwa siku nyingi huwezi kuamini uzito wake.

#4 Kapsuli

#2 nimekuelewa, ila angalia kidonda chenyewe. Majimaji ya kidonda yana sodiamu karibu milimola 140, kama damu. Hata bila fosfati, sodiamu itaingia na kalsiamu itatoka. Ndiyo kazi yenyewe ya dresingi ya alginati: nyuzi za kalsiamu zinageuka jeli kwa kubadilishana na sodiamu ya kidonda. Kwa hiyo jeli itakufa tu, iwe kwenye chupa au kwenye mguu wa mgonjwa.

#5 NesiVidonda

Ndugu zangu, mmeshaamua ni kidonda gani? Alginati ni ya kidonda kinachotoa maji mengi. Kwenye kidonda kikavu inanata, na ukiitoa unang'oa ngozi changa. Kikavu chenye nyama mfu kinataka kupewa maji, ndipo inaingia haidrojeli laini ya kupaka: ile ya selulosi ya kaboksimethili kama 2.3%, propilini glaikoli 20%, iliyobaki ni maji. Moja inanyonya, nyingine inatoa. Ukizibadilisha, kikavu kinazidi kukauka na chenye maji kinalowana mpaka ngozi ya pembeni inageuka nyeupe na kuchubuka.

Na mnapimia kwenye mililita 900 za bafa zinazokorogwa. Chini ya dresingi kuna mililita chache, zimetulia, nyingine zinapanda juu kwenye gozi. Kipimo hicho na kidonda havijuani.

#6 HesabuKwanza

Dada #5 umegusa penyewe. Ila naona wote mnauliza swali kinyume. Hebu tupige hesabu.

Jeli yenye polima 2% ni maji 98%. Dawa ndogo inasafiri humo karibu sawa na kwenye maji matupu, tuseme mita za mraba 7 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde. Shanga mbichi ya milimita 2 ina nusu kipenyo cha milimita 1. Chukua nusu kipenyo, zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa mwendo huo: unapata sekunde 1,430 hivi. Kwa tufe, nusu ya dawa inatoka muda unapofika 0.03 ya namba hiyo, na asilimia 90 inatoka kwenye 0.183. Yaani nusu iko nje kabla ya dakika moja, na asilimia 90 kwa dakika nne na nusu hivi.

Dakika nne, wakuu. Wewe #1 unalalamika kwamba 70% imetoka kwa saa moja. Mimi nashangaa nini kimeichelewesha hivyo.

Pili, umeziacha dakika 30 kwenye maji ya kalsiamu. Kwa hesabu hiyo hiyo dawa imeshatoka humo. Ukidondosha mililita 20 za alginati kwenye mililita 100 za kalsiamu, dawa inagawana sawa kila mahali na shanga zinabaki na 20 kwa 120, karibu asilimia 17. Kisha ukaziosha, ikapungua tena. Hiyo "asilimia 70" ni ya dawa ipi, uliyopima kwenye mizani au iliyobaki ndani ya shanga? Grafu nyingi hazisemi.

#7 Bika250

#6 heshima. Dawa ya hilo ni kushibisha maji ya kalsiamu kwa metronidazoli kabla hujadondosha. Kama ndani ni 1% na nje ni 1%, hakuna sababu ya dawa kuhama. Inakula dawa nyingi, lakini maji yale yanatumika tena ukiongeza kalsiamu iliyopungua. Na kuosha kuwe kwa kuchovya haraka, sekunde chache, kisha karatasi ya kunyonya.

#8 FundiVidonge

Hoja ya #1 kwamba haidrojeli haishiki dawa ndogo inaangushwa na kidonge kimoja tu: metfomini ya kutoka polepole. Metfomini haidrokloridi ina uzito wa 166, inayeyuka kwenye maji kama sukari, na bado kidonge cha miligramu 500 kinaiachia kwa saa nyingi. Kinachoizuia ni haipromelosi, polima inayovimba ikawa jeli. Wagonjwa wengine wanaiona ganda lake laini chooni wakadhani dawa haikufanya kazi. Dawa imeshatoka, lililobaki ni jeli.

#9 HesabuKwanza

#8 mfano mzuri, lakini unaunga mkono hesabu yangu. Kidonge kinaanza kikavu, polima ni theluthi au zaidi ya uzito wake, na dawa inasafiri milimita kadhaa ndani ya jeli nzito iliyojaa minyororo. Muda unapanda kwa mraba wa umbali. Shanga ya milimita 2 yenye polima 2% haina umbali wala uzito. Ukitaka alginati ifanye hivyo, ikaushe, isage, ikandamize kuwa kidonge. Inafanyika, na haipromelosi wakati mwingine huchanganywa humo.

#10 Mwl_Polima

Narudi kwenye swali zuri la #6: nini kimeichelewesha. Shanga zimekaushwa. Iliyokaushwa nyuzi 40 imepoteza karibu maji yote, imesinyaa ikawa ngumu kama punje ya mtama. Kwenye maji matupu shanga kavu ya kalsiamu haivimbi sana. Kwenye fosfati au chumvi inavimba mara nyingi zaidi. Kwa hiyo saa moja ile ni muda wa bafa kuifungua, na tunarudi kwenye kalsiamu kung'olewa. Pimeni upande mmoja maji matupu, upande mwingine fosfati, muweke grafu pamoja.

#11 Unga wa Ndere

Ila kukausha kuna ubaya wake, #10. Maji yanapotoka katikati kwenda nje yanabeba dawa. Yakifika juu yanaruka, dawa inabaki kwenye ngozi ya shanga kama fuwele. Ziangalie kwa hadubini ya kawaida, ukubwa mara 100: zile nyota nyeupe juu ni metronidazoli. Hizo zinayeyuka dakika za kwanza bila kujali jeli. Mmwagiko wa mwanzo wote unaweza kuwa huo, na jeli hamjaigusa.

Ukikausha kwa baridi, barafu inaganda dawa ilipo, haihami sana. Lakini shanga inabaki na mashimo kama sifongo na inameza maji mara moja. Umekimbia tatizo moja umepata lingine.

#12 PwaniKusini

Samahani kuingilia wataalamu. Hii alginati si inatoka kwenye mwani? Zanzibar kina mama wanalima tani na tani, kwa nini tunaagiza unga kutoka nje?

#13 Mwani_Paje

#12 karibu, swali la haki. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, spinosamu na kotoni, ni mwani mwekundu. Ndani yake hakuna alginati, kuna karajinani. Kilimo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 upande wa mashariki, Paje na Jambiani, na mpaka leo sehemu kubwa inauzwa ikiwa kavu. Spinosamu inatoa karajinani ya iota, kotoni inatoa kappa. Kotoni ina bei nzuri lakini inakufa maji yakipata joto, ndiyo maana wakulima wengi wamebaki na spinosamu.

Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Pwani yetu upo, Sagasamu na Tabinaria zinaota miambani, ila hazilimwi.

Karajinani nayo ni haidrojeli halisi. Kappa inataka potasiamu: 1% hadi 2% kwenye maji ya nyuzi 80, koroga mpaka iwe angavu, tia potasiamu kloridi, ikipoa inaganda ngumu na kukatika. Iota inataka kalsiamu, inaganda laini, inanyumbulika, ukiivunja inajirudi. Lamda haigandi kabisa. Kwa kidonda mimi ningeanza na iota, maana ndiyo tuliyo nayo kwa wingi.

#14 Kapsuli

#13 asante sana. Ila karajinani kwenye kidonda naiogopa. Ndiyo ile ile inayotumika kuvimbisha mguu wa panya maabara ili kupima dawa za uvimbe. Winter aliandika mwaka 1962. Huyo huyo aliyeonyesha kwamba kidonda chenye unyevu kinapona haraka.

#15 NesiVidonda

Kaka #14, hao ni Winter wawili, mwaka mmoja. George Winter wa Uingereza ndiye wa kidonda chenye unyevu: alifunika majeraha ya nguruwe wachanga kwa plastiki akaona ngozi inafunga upesi kuliko yale yaliyoachwa hewani. Wa mguu wa panya ni C. A. Winter na wenzake. Usiwaoanishe.

#16 Mwani_Paje

Asante dada. Na kipimo cha panya ni kudunga karajinani 1% chini ya ngozi ya nyayo, mara nyingi yenye lamda. Kupaka juu ya kidonda ni kitu kingine.

#17 Unga wa Ndere

Kidonda ni ngozi iliyo wazi, #16. Chini yake ni tishu zile zile zinazodungwa. Mimi nisingeitumia kwenye kidonda kirefu mpaka nione kipimo cha kidonda hasa, cha mguu wa panya hakinitoshi pande zote mbili: hakinithibitishii ubaya wala uzuri.

#18 DktMacho

Tatizo hili lipo machoni pia, na huko limepigiwa kelele zaidi. Lenzi laini ya kuvaa jichoni ni haidrojeli. Otto Wichterle wa Chekoslovakia ndiye aliyeanzisha, na mwisho wa mwaka 1961 alizizungusha nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Polima yake inashika maji karibu 38%.

Ukiiloweka lenzi ya namna hiyo kwenye timololi ya presha ya jicho, inanyonya vizuri, na jichoni inaitoa karibu yote ndani ya saa chache. Polima ni zaidi ya nusu ya uzito na bado inamwaga, maana lenzi ina unene wa kama mikromita 100 tu. #6 hesabu yako ya mraba wa umbali iko hapo. Walichojaribu wengine ni kutia vitamini E ndani ya lenzi: inakaa kama vizuizi vidogo, dawa inalazimika kuzunguka, muda unarefuka sana. Nyingine imefika sokoni bila hila hiyo: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha lenzi yenye ketotifeni kwa mzio wa macho. Ni ya kuvaa siku moja na kutupa, kwa hiyo haikuhitaji kushika dawa wiki nzima. Walichagua ugonjwa unaoendana na jeli.

#19 Spektro

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize, mmepima dawa kwenye wimbi gani la mwanga? Metronidazoli kwenye asidi ya mola 0.1 inasoma juu kabisa nanomita 277. Kwenye bafa ya pH 7 inahamia karibu 320. Wanaochora mstari wa kulinganishia kwenye asidi, kisha wakasoma sampuli za fosfati kwenye 277 ile ile, wanapata namba isiyo na maana. Mstari uchorwe kwenye kioevu kile kile unachopimia.

Na kwa mujibu wa #2, shanga ndani ya fosfati zinatoa kalsiamu fosfati. Hiyo ni ukungu mweupe. Ukungu unazuia mwanga, mashine inadhani ni dawa. Chuja kila sampuli kwa kichujio cha mikromita 0.45 na utupe mililita za kwanza. Tengeneza pia shanga tupu zisizo na dawa, ziweke kwenye bafa, soma kila saa, toa namba hiyo kwenye namba yako. Sitashangaa sehemu ya ile 70% ikiwa ni ukungu.

#20 Kapsuli

#19 hili la shanga tupu nimelikubali bila ubishi. Lakini shanga zikiwa zimeyeyuka kabisa, dawa itakuwa imebaki wapi? Ukungu hauwezi kueleza yote.

#21 Ganda la Kamba

Mbona hakuna aliyetaja kitosani, polima ya maganda ya kamba? Kitosani 0.5% kwenye asidi asetiki 1%, pandisha pH hadi 5 kwa sodiamu haidroksidi kidogo kidogo, chovya shanga mbichi dakika 10 hadi 30. Alginati ina chaji hasi, kitosani chanya, vinakumbatiana juu ya shanga na kutengeneza ngozi. Chunga pH: ikizidi 6.5 kitosani inaganda na kuzama. Ikishuka chini ya 3.5 alginati inageuka asidi, inapoteza chaji na ngozi inakuwa dhaifu. Shanga zisikae zikigusana, zitashikana ziwe bonge. Mara nyingi mmwagiko unapungua.

#22 HesabuKwanza

Unapungua kwa sababu gani? Ngozi ya aina hii ndiyo waliyotumia Lim na Sun mwaka 1980 kufungia seli za kongosho, ila wao walipaka polilaisini badala ya kitosani. Walitaka insulini na glukosi zipite, kingamwili zizuiwe. Insulini ina uzito wa 5,800 hivi, kingamwili 150,000. Ngozi inayopitisha 5,800 itaizuiaje 171?

#23 Ganda la Kamba

Haizuii, inaishikilia shanga isivimbe. Kwenye fosfati shanga isiyo na ngozi inafunguka yote, yenye ngozi inabaki na umbo. Tena ngozi ya kitosani ikikaushwa ni nzito kuliko ile mbichi ya kongosho.

#24 Unga wa Ndere

Au wakati wa kuchovya dakika 30 fuwele za juu nilizosema #11 hazijapata nafasi ya kujijenga, na dawa nyingi imebaki kwenye kitosani. Ukiwa na dawa kidogo ndani, grafu inaonekana tulivu. Pimeni kitosani iliyobaki kwenye bika.

#25 Mkemia Mtaa

Fikirieni chaji ya dawa yenyewe. Metronidazoli ina pKa (pH ambayo nusu ya dawa ina chaji) karibu 2.6, kwa hiyo kwenye pH 7 haina chaji. Haina cha kushikana nayo kwenye alginati yenye chaji hasi. Dawa yenye chaji chanya ingeshikwa. Lakini msikimbilie klorheksidini: inashikwa mno, inaganda pamoja na alginati au selulosi ya kaboksimethili, na nguvu yake ya kuua bakteria inashuka. Fedha ni afadhali, ndiyo maana dresingi za alginati zenye fedha zipo.

Kwa metronidazoli njia iliyobaki ni kuizidisha ipite kiwango cha kuyeyuka. Kwenye joto la chumba maji yanabeba kama gramu 1 kwa mililita 100. Weka 4%, tatu zinabaki fuwele ndani ya jeli, na kila fuwele inayeyuka kwa zamu. Saga kwanza upitishe kwenye chekecheo laini, la sivyo sindano 21 inaziba na shanga zinatoka na mikia.

#26 FundiVidonge

Mikia inatokana pia na sindano kuwa karibu mno na maji. Sentimita 5 hadi 10 zinatosha. Juu zaidi ya hapo tone linapiga maji na kuwa bapa. Na alginati ilale usiku mmoja kabla ya kudondosha ili mapovu yapande. Shanga yenye povu inaelea na upande mmoja haugandi.

#27 NesiVidonda

Nauliza kwa nia njema: jeli ya metronidazoli 0.75% ya kupaka ipo, unapaka mara moja au mbili kwa siku unapobadilisha dresingi, harufu inapungua. Haidai kuachia polepole. Mgonjwa wa saratani ya titi iliyopasuka ngozi anahitaji harufu ipungue leo, mbele ya wageni wake. Kwa nini tunahangaika na shanga?

#28 Kapsuli

Ndiyo hoja yangu ya #1 hiyo, dada.

#29 Mkemia Mtaa

#27 na jeli hiyo inatengenezeka famasi ya hospitali. Kabopoli 940 (polima ya kutengenezea jeli), gramu 1 kwa 100: nyunyiza juu ya maji yanayokorogwa, usimwage kwa mkupuo, madonge yake hayayeyuki tena. Metronidazoli iyeyushwe kabla, 0.75% inayeyuka yote. Ukitaka 2% utaona fuwele jeli ikipoa. Kihifadhi usisahau. Mwisho trietanolamini tone kwa tone mpaka pH 6 hivi, inaganda mbele ya macho yako. Usitie chumvi: kabopoli inalegea ikikutana na sodiamu, na ndiyo sababu inateleza na kutoka kwenye kidonda chenye maji mengi. Hapo ndipo shanga au nyuzi za alginati zinaweza kuwa na hoja.

#30 Spektro

Wanaochora grafu ya Korsmeyer na Peppas (dawa iliyotoka dhidi ya muda uliopandishwa kwa kipeo n): shanga ni tufe, mpaka wa difyusheni, yaani dawa kusambaa yenyewe, ni n ya 0.43. Ile 0.5 ni ya utando bapa, 0.45 ya mcheduara. Na mnatumia 60% ya kwanza tu ya dawa iliyotoka. Ikiwa kipimo chenu cha kwanza ni cha dakika 30 na tayari mko 60%, hamna nukta ya kuchora. Chukueni sampuli dakika 1, 2, 5, 10.

#31 PwaniKusini

Swali la mwisho kutoka kwangu. Unga safi wa metronidazoli ni shida kupata. Kusaga vidonge inafaa? Au ile chupa ya dripu ya mililita 100?

#32 Bika250

Vidonge hapana, vina wanga na vumbi lisiloyeyuka, linaziba sindano na linachafua usomaji wa #19. Chupa ya dripu ina miligramu 500, yaani 0.5%, safi na haina vijidudu. Ila soma maelezo yake: nyingi zina sodiamu kloridi, fosfati na asidi sitriki. Unaweka ndani ya alginati vitu viwili vinavyoiba kalsiamu.

#33 HesabuKwanza

Kiasi chake, #32. Moja ya zinazouzwa ina fosfati miligramu 47.6 na asidi sitriki 22.9 kwa mililita 100. Ni milimoli 0.33 na 0.12, jumla 0.45. Mililita 100 za kalsiamu ya mola 0.1 zina milimoli 10. Haiwezi kuzuia shanga kuganda.

#34 Mwl_Polima

Kuganda zitaganda. Lakini fosfati ile itakamatwa ndani ya shanga ikiwa kalsiamu fosfati, shanga zitakuwa nyeupe badala ya angavu, na chumvi yake, miligramu 790 za sodiamu kloridi, ni milimoli 13.5 za sodiamu zinazogombania nafasi na kalsiamu zile 10. Tengenezeni mafungu mawili, la dripu na la unga safi, mbonyeze shanga kati ya vioo viwili chini ya uzito mmoja. La dripu litapasuka mapema.

#35 HesabuKwanza

Sodiamu moja haigombani sawa na kalsiamu moja, #34, kalsiamu ina chaji mbili na kiota chake kwenye vipande vya G. Nabaki kwamba tofauti haitaonekana, hasa ukitumia alginati yenye G nyingi. Atakayebonyeza aseme pia alginati yake ni ya aina gani, maana yenye M nyingi italegea hata bila dripu.